Nimealikwa Vaishno Devi: niingieje pango takatifu la dini isiyo yangu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma mwaka wa pili chuo kikuu karibu na Jalandhar, Punjab, India. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja ni Mhindu, na mwezi Novemba familia yao wanapanda mlima Trikuta, Jammu na Kashmir, kwenda Vaishno Devi, pango takatifu la mungu wa kike wa Kihindu: baba, mama, mdogo wake wa kiume na bibi yao wa miaka 71, ambaye anasema atapanda kwa miguu yake. Wamenialika. Mimi ni Mlutheri, nimelelewa kanisani, na watu hawa nawapenda sana. Je, naruhusiwa kuingia pangoni? Nikiingia nifanye nini ili nisiwakosee wao wala nisijikosee mwenyewe? Naweza kwenda mikono mitupu? Na samahani kwa kuuliza: nimeambiwa ukifika ndani unaona kwa sekunde chache tu, kisha unasukumwa utoke. Sasa watu wanatembea usiku kucha kwa ajili ya sekunde?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu hilo swali la mwisho, lile uliloliombea samahani, ndilo swali lenyewe. Mengine yote yanategemea jibu lake.

Lakini tumalize kwanza la mlangoni. Unaruhusiwa. Yako mahekalu India ambayo asiye Mhindu huishia nje ya lango, kama lile la Jagannath kule Puri. Vaishno Devi haimuulizi mtu dini yake. Utakachodaiwa ni kadi ya safari, inayotolewa bure mjini Katra, chini ya mlima, baada ya kupigwa picha na kuonyesha kitambulisho. Wewe ni mgeni, kwa hiyo nenda na pasipoti yenyewe. Kadi utaivaa shingoni tangu mwanzo wa njia, na bila hiyo hutavuka ukaguzi wa kwanza. Utaratibu huu unaendeshwa na bodi iliyoundwa mwaka 1986 kusimamia mahali hapa, na kwa umati uliopo huwezi kuulaumu: mwaka 2023 walipanda watu zaidi ya milioni 9.

Sasa hizo sekunde.

Neno utakalolisikia tangu mnatoka nyumbani ni darshan. Ukiuliza maana yake utaambiwa ni kuona. Sisi tuna neno linaloligusa vizuri zaidi: kuonana. Mhindu hapandi Trikuta kwenda kutazama kitu. Anakwenda ili amwone Mama, ndivyo wanavyomwita mungu huyo wa kike, na Mama amwone yeye. Hiyo sehemu ya pili ndiyo nzito. Ndiyo maana ufupi wake haumvunji moyo. Fikiria mtu aliyetoka Mwanza kwa basi mpaka Dar kumwona mama yake aliyelazwa, akafika saa za kuona wagonjwa zimepita, nesi akamhurumia kwa dakika moja tu pembeni ya kitanda. Mtu huyo hawezi kurudi akisema amepoteza nauli. Mama yake amefumbua macho, amemwona mwanawe kaja. Basi. Ukiwa kwenye foleni kule juu na bibi wa rafiki yako akaanza kulia kabla hata hamjafika, kumbuka huyo mtu wa Mwanza.

Tena watakuambia kwamba hakuna apandaye ila aliyeitwa. Wana neno lake, bulawa, yaani wito. Mtu anaweza kuwa na fedha na likizo na asifike, na mwingine akajikuta njiani bila kupanga. Usishangae wakisema hata wewe umeitwa. Wala usibishane nao. Wanachokwambia ni kwamba kuja kwako si bahati mbaya, na kwa mgeni hiyo ni karibu kubwa.

Mimi nilipanda mara ya kwanza mwaka 2003, nikiwa nasomea shahada ya pili Chandigarh. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu mungu wa kike katika dini ya Kihindu, na nilidhani nimejiandaa. Tukatembea usiku, tukapanga foleni kwa muda wa saa tano hivi, nikaingia ndani nikiwa natafuta sanamu: mwanamke mwenye mikono minane juu ya simba, kama anavyochorwa kwenye kalenda za madukani. Macho yangu yakaenda kwenye dhahabu, kwenye vitambaa vyekundu, kwenye sanamu zilizo nyuma. Mkono wa mlinzi ukanigusa begani, nikasogea, nikatoka. Nje nikamuuliza mwenzangu, "Mama mwenyewe alikuwa wapi?" Akanitazama kwa huzuni ambayo sijaisahau. Nilipita mbele yake na sikumwona.

Kwa hiyo shika hili kuliko mengine yote nitakayokuambia. Ndani ya pango la Vaishno Devi, Mama ni jiwe. Ni mwamba mmoja wa asili, kimo chake kama futi tano na nusu, ambao juu umegawanyika vichwa vitatu. Vichwa hivyo wanaviita pindi (lafudhi ni hiyo hiyo ya pindi yetu ya wakati, ingawa maneno hayana undugu). Hakuna mtu aliyevichonga, na kwa waumini hilo ndilo jambo kubwa: Mama alijitokeza mwenyewe. Ukisimama mbele yake, kulia kwako ni Mahakali, rangi yake inaelekea weusi, nguvu inayoangamiza uovu na kumaliza yaliyokwisha muda. Katikati ni Mahalakshmi, mwenye wekundu wa manjano, riziki na ustawi. Kushoto ni Mahasaraswati, mweupe, elimu na hekima. Watatu hao ni mmoja, na huyo mmoja ndiye Vaishno Devi. Juu ya kila kichwa kuna taji la dhahabu, na pembeni mna maua na vitambaa, kwa hiyo jicho lisilojua huvutwa kwingine. Wewe shusha macho. Usitazame taji, tazama chini ya taji. Mwambie rafiki yako akuonyeshe picha kabla hamjaondoka, ili ukifika uwe unajua unatafuta nini. Kwa kuwa wewe ni mwanafunzi, najua kabisa mama yake atakunong'oneza umtazame wa kushoto.

Lakini pango ni mwisho wa njia, na ukingoja mpaka pangoni ndipo uanze kuwa makini, utakuwa umechelewa kama nilivyochelewa mimi. Kutoka Katra hadi Bhawan, mahali pango lilipo, ni kilomita 12 hadi 13 za kupanda, hadi mwinuko wa karibu mita 1,585. Njia hiyo yote ni takatifu, na huwezi kuielewa bila kisa chake, maana kila kituo ni sehemu ya kisa.

Wanasimulia kwamba katika kijiji cha Hansali, jirani na Katra ya leo, aliishi mcha Mungu maskini aitwaye Sridhar. Msichana mdogo alimtokea akamwambia aandae karamu, aalike vijiji vyote vya karibu. Sridhar hakuwa na kitu, lakini alialika. Siku ilipofika kibanda chake kilitosha watu wote na chakula hakikwisha. Kati ya wageni alikuwamo Bhairon Nath, mfuasi wa mtawa mkubwa Gorakhnath. Bhairon alikataa chakula kilichokuwapo, akadai nyama na pombe. Msichana akamwambia kwamba katika nyumba hii vitu hivyo haviliwi. Bhairon akanyoosha mkono kumshika. Msichana akatoweka, akakimbilia milimani, naye akamfuata.

Njia mtakayotembea ndiyo njia ya msichana huyo. Banganga, karibu na mwanzo, ndipo alipopiga mshale ardhini maji yakabubujika. Watu wengi huoga au hunawa pale kabla ya kupanda. Charan Paduka ndipo aliposimama akageuka kumtazama anayemfuata, na nyayo zake zinasemekana zimebaki jiweni. Adhkuwari, nusu ya njia, ndipo alipojificha miezi 9. Na pango la juu ndipo alipoacha kukimbia. Aligeuka akawa Kali, yaani yule Mahakali, akamkata Bhairon kichwa. Kiwiliwili kikaanguka mlangoni mwa pango, kichwa kikaruka hadi mlima wa juu zaidi.

Wanaume wengi hukisimulia kisa hiki kama vita. Mimi nimekisikia kwa wanawake waliokuwa wakipanda usiku, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine umeshika mjukuu, na kwao ni kisa cha msichana anayefuatwa na mwanamume asiyesikia neno hapana. Mpe bibi nafasi akusimulie kwa namna yake. Usimwambie kwamba tayari unakijua.

Hapo Adhkuwari kuna jambo la kuamua mapema. Pango lenyewe linaitwa Garbh Joon, na garbh ni tumbo la uzazi. Ni fupi lakini jembamba sana. Unaingia kwa kuinama, kisha unatambaa kwa viwiko na magoti, mwamba unakugusa mgongo na mbavu, kuna giza na pumzi za watu mbele na nyuma yako, halafu ghafla unatokea upande wa pili kwenye mwanga. Wanaamini Mama alikaa humo kama mtoto akaavyo tumboni, na akatoka kwa kupasua mwamba kwa mkuki wake wa ncha tatu. Anayepita humo anatoka kama aliyezaliwa upya. Wanasema pia kwamba mnene mwenye imani hupita na mwembamba mwenye kiburi hukwama. Nimepita mara moja. Katikati, pale ambapo huwezi kurudi wala huoni mbele, mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, nisiyemjua, alinishika kisigino akasema kwa Kihindi, "Twende dada, Mama yuko mbele." Nimesoma vitabu vingi kuhusu maana ya tumbo la uzazi katika dini za watu. Hakuna kilichonifundisha kama ule mkono.

Ila foleni ya Garbh Joon ni ndefu. Unaandikisha kundi lenu, unapewa namba, na msimu wa umati namba yako inaweza kuitwa baada ya saa nyingi, pengine kesho yake. Familia nyingi huandikisha wakipanda na kuingia wakishuka, na wengine huliruka kabisa. Si sharti la ziara. Kama una pumu, au unaogopa mahali pa kubana, liache bila kuona haya, na bibi naye asishawishiwe.

Kutoka Adhkuwari njia zinagawanyika. Ya zamani inapita Hathi Matha na Sanjichhat, ni kali na inaumiza magoti. Ya Himkoti ni laini zaidi, na juu yake hupita vigari vya betri vinavyopeleka hasa wazee na wagonjwa hadi Bhawan. Hapo ndipo jibu la bibi yenu lilipo. Umesema atapanda kwa miguu yake, na naelewa kwa nini: kwao jasho ni sehemu ya sadaka. Msimkatalie mkiwa nyumbani. Aanze kwa miguu. Mkifika Adhkuwari atakuwa ameshatembea karibu nusu, na hapo kumwomba apande kigari itakuwa ni kumwomba mtu ambaye ameshatimiza. Tangu Katra kuna pia farasi, machela yanayobebwa na watu wanne, na hamali wanaobeba watoto na mizigo mgongoni. Kuna hata helikopta mpaka Sanjichhat. Kama magoti ya bibi hayapendi farasi, ipo njia ya Tarakote iliyofunguliwa mwaka 2018, ambayo farasi hawaruhusiwi na mteremko wake ni wa upole hadi karibu na Adhkuwari.

Wale hamali na wenye farasi uwatazame vizuri. Wengi wao ni Waislamu wa vijiji vya jirani, na kazi ya kumfikisha Mhindu kwa Mama yake wameirithi kwa baba zao. Kwa mtu kama wewe, anayejiuliza kama ana haki ya kuwapo kwenye njia ya imani ya mwingine, hao ndio jibu linalotembea mbele yako. Mpatane bei kabla ya kuanza, na mkimaliza mlipe bila kuvutana.

Njiani kila mtu atakusalimu "Jai Mata Di", ushindi kwa Mama. Anayeshuka humwambia anayepanda, tajiri kwa maskini, askari kwa mtoto. Ukiona ni neno la imani usilolimiliki, itikia kwa namaste na tabasamu. Hakuna atakayekukagua.

Sasa Bhawan. Mkifika, mtaacha vitu kwenye makabati ya bure: viatu, simu, saa, mikanda, mabegi, kalamu, hata kitana. Ngozi ya mnyama haiingii, kwa hiyo pochi ya ngozi iache nyumbani kabisa. Nazi waliyobeba kama sadaka haitapita ukaguzi. Huikabidhi dirishani kwa tokeni, na baada ya darshan hupewa nyingine. Wengi huoga kwanza, na maji ni ya baridi inayokata pumzi. Wewe ukinawa uso, mikono na miguu inatosha. Vaa nguo ndefu zilizolegea, na mtandio wa kufunika kichwa. Kanga inafaa kabisa, ila ichague isiwe na jina lenye utani. Soksi nene za pamba zitakuokoa kwenye marumaru usiku wa Novemba.

Mara mbili kwa siku, kabla ya jua kuchomoza na baada ya kuzama, foleni husimamishwa kwa saa mbili hivi kwa ajili ya aarti, ibada ya kumwogesha Mama, kumvisha na kumzungushia taa. Mkikutwa na saa hizo msinung'unike. Kaeni chini, sikilizeni nyimbo zinazorushwa kwenye vipaza sauti, bibi apumzike.

Kuingia mtapitia handaki. Pango la asili lina urefu wa kama mita 30, na zamani kila mtu alipita humo, mmoja mmoja. Umati ulipozidi ikachimbwa njia ya pili mwaka 1977, kisha nyingine mwaka 1999, moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea. Njia hizo zimewekwa marumaru, unatembea wima. Pango la kale hufunguliwa watu wakiwa wachache tu, kwa kawaida kuanzia katikati ya Januari, sikukuu ya Makar Sankranti. Novemba hutalipata. Nililipita mara yangu ya pili, Februari 2009. Mlangoni unapanda juu ya jabali ambalo wanasema ni kiwiliwili cha Bhairon, unainama, na miguu inaingia kwenye maji. Ni Charan Ganga, kijito kinachotoka chini ya miguu ya Mama. Kina chake kinafika kifundoni, na ubaridi wake unapanda mpaka kwenye meno. Watu waliokuwa wakiimba nje wakanyamaza wote. Safari hiyo nilijua pa kutazama.

Mtakapokaribia, foleni itakuwa ya mtu mmoja mmoja. Usisimame katikati kumngoja rafiki yako, mtakutana nje. Kuhani na walinzi watakuwa wakisema sogea, sogea. Hawakufukuzi, nyuma yako kuna maelfu. Simama ulipofikia, tazama mawe matatu, kisha tembea.

Na wewe ufanye nini kwa hizo sekunde? Hapa nasema maoni yangu, na mchungaji wako ana haki ya kusema yake. Kuvua viatu, kufunika kichwa, kunyamaza, kuinamisha uso ni adabu ya mgeni katika nyumba ya mtu. Ungefanya hivyo msikitini, ungefanya hivyo kwenye kaburi la babu wa mwenzako. Kuweka nadhiri, kutoa sadaka kwa jina la Mama, kumwomba haja zako ni ibada, na ibada ni ya anayeamini. Kati ya hayo mawili kuna nafasi pana ya kusimama bila kumdanganya mtu yeyote. Usikunje mikono kifuani kama mtazamaji wa mchezo. Usijilazimishe pia kusujudu ili upendwe. Mhindu aliyekualika ameshajua wewe ni Mkristo, na atakuheshimu zaidi ukisimama kwa utulivu kuliko ukiigiza.

Mambo mawili yatakufikia mkononi na usoni, na ni vizuri uyaamue kabla ya kuondoka Jalandhar. La kwanza ni tilak, alama nyekundu ya kwenye paji la uso. Ukitaka kuikubali kama baraka ya mwenyeji, inama kidogo. Usipotaka, gusa kifua kwa kiganja, rudi nusu hatua, wataelewa. La pili ni prasad, chakula kilichotolewa kwa Mama kisha kikarudi kwa watu: vipande vya sukari, bisi za mchele, matunda makavu. Mlutheri aliyesoma barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho anajua kwamba suala la chakula kilichotolewa kwa miungu halikuanza na wewe, na kwamba Paulo mwenyewe alilipima kwa kumwangalia ndugu aliye jirani. Soma sura ya 8 na ya 10, zungumza na mchungaji wako kwa simu, amua. Ukiamua kutokula, pokea hata hivyo kwa mkono wa kulia au kwa mikono miwili, kisha mpe bibi. Kisiguse ardhi, kisibaki kwenye kiti, kisitupwe. Na uamuzi wako mweleze mama wa rafiki yako mkiwa bado nyumbani, kwa chai. Kumweleza kwenye mlango wa kutokea, akiwa machozi hayajamkauka, ni kumjeruhi.

Hili lingine nakuambia kama mama yako. Kuna familia za Kihindu zenye desturi kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake haingii mbele ya Mungu, na kuna zisizoijali desturi hiyo. Getini hakuna anayeuliza. Lakini uko na familia, si peke yako. Muulize rafiki yako faraghani kwao wanafanyaje, na ikitokea, fuata la nyumba yao.

Ukitoka pangoni utajisikia umemaliza, na miguu itakuomba mshuke. Bado kidogo. Bhairon, kichwa kikiwa kimeshatengwa na mwili, aliomba msamaha. Mama akamsamehe, akamwahidi kwamba hakuna atakayekuja kumwona yeye akahesabiwa amekamilisha ziara bila kupita kwa Bhairon. Hekalu lake liko juu ya Bhawan, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kupanda kwake ni kukali. Tangu Desemba 2018 kuna vibanda vinavyoning'inia kwenye waya na kufika kwa dakika chache, kwa hiyo hata bibi ataweza. Wapo wanaoliruka kwa uchovu. Wewe usiliruke. Usiku kucha umetembea nyuma ya msichana anayemkimbia mtu huyu, na sasa unamkuta yuko juu kuliko wote, amesamehewa, mahujaji wanapiga kengele mlangoni pake. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu kama msamaha huo ni wa haki. Tulibishana kipindi kizima na sikuwapa jibu, na mpaka leo silo jambo jepesi kwangu.

Yaliyobaki ni ya usalama. Novemba ni mwezi mzuri: mvua zimekwisha, theluji kwa kawaida haijaanza. Mwakani wakikualika Julai au Agosti, fikiri mara mbili. Tarehe 26 Agosti 2025 maporomoko karibu na Adhkuwari yaliua watu zaidi ya 30, na safari zikasimamishwa kwa wiki kadhaa. Usikubali pia usiku wa mwaka mpya. Alfajiri ya tarehe 1 Januari 2022 watu 12 walikufa katika msongamano kule juu. Siku tisa za Navaratri, sikukuu ya Mama, karibu Machi au Aprili na tena Septemba au Oktoba, ni nzuri kwa imani na ngumu kwa mbavu.

Treni inafika Katra kwenyewe tangu Julai 2014, hakuna haja ya basi kutoka Jammu. Laini yako ya simu ya kulipia kabla uliyosajili Punjab isitegemee, maana kwa miaka mingi laini za namna hiyo kutoka majimbo mengine zimekuwa hazifanyi kazi Jammu na Kashmir. Andika namba za familia kwenye karatasi, mkubaliane mahali pa kukutana Bhawan mkipotezana, na karatasi hiyo ishonee ndani ya mfuko, kwa sababu simu itakuwa kabatini. Katra hakuna nyama wala pombe, chakula ni cha mboga tu, na ni kitamu: omba wali na rajma, maharage yao ya milimani.

Umeniuliza pia kama unaweza kwenda mikono mitupu. Unaweza. Lakini ukitaka kufanya jambo ambalo familia hiyo haitalisahau, mkitoka pangoni kuna mabomba ya maji ya Charan Ganga. Watu hujaza chupa wakapeleke kwa waliobaki nyumbani, na chupa ya maji ni nzito kwa mtu wa miaka 71 anayeshuka mlima. Mwombe bibi umbebee.